Barua Yenye Urefu wa Njia ya Kisimani

Naomi mwanangu,

Anayekuandikia ni mtu pekee katika tarafa hii aliyewahi kuhesabu kijiji kizima, mlango kwa mlango, bila kuruka hata kaya moja, na hesabu yake ikakubaliwa wilayani siku ile ile bila kuguswa hata nukta. Habari hii umekua ukiisikia. Umewasimulia wenzako shuleni, na juzi nilikusikia ukimwambia yule mwalimu aliyekuja kukuaga: "Hesabu nimeirithi kwa baba." Kifua changu kikajaa kama debe chini ya mvua.

Sasa kaa vizuri kwenye kigoda. Ni uongo, mama. Kilicho kweli ni kwamba wilayani waliikubali.

Nimeanza kuandika pale mlipoinuka, wewe na mama yako, kwenda kuteka maji kule kisima cha Bondeni kwa ajili ya chakula chako cha njiani. Niko juu ya paa la tembe, kwenye uwele ulioanikwa. Mkono wa kushoto unafukuza ndege, wa kulia unaandika. Mkitokeza tena kwenye yale majabali mawili, naweka kalamu chini. Huo ndio muda niliojipa.

Mambo ya sabuni, na kutokula vya stesheni, na kutompa mtu usiyemjua mzigo wako akushikie, mama yako ameshakuambia mpaka kuku wanayajua. Siyarudii. Mimi nina langu moja, na limenikaa kooni miaka mingi kama mfupa wa perege.

Kwanza nikiri dogo. Kile kijitabu ulicholetewa na chuo, cha jalada la kijani, si panya aliyekunja kurasa zake. Nimekisoma kwa siri siku tatu. Kiswahili chake kigumu kama ngozi iliyosahauliwa juani, ila nilipokitafuna nikakuta makosa yangu yote yamo mle, kila moja na jina lake. Miaka yote nilidhani nilikosea kijinga, kumbe nilikosea kitaalamu!

Kinasema uko uchunguzi unaouliza mambo yakoje, nao hurudi na maneno ya watu. Na uko unaouliza wangapi, kiasi gani, mara ngapi, nao hurudi na tarakimu. Wewe unakwenda kusomea huo wa pili. Mimi nilitumwa kufanya wa pili, nikarudi na neno moja.

Ilikuwa hivi. Tulipohamia kijijini, sisi wa mwanzo, kabla watu hawajaanza kusombwa kwa malori, wewe ulikuwa hujang'oka hata jino. Akaja Bwana Maji kutoka wilayani. Akasema pampu ipo moja na vijiji ni viwili: chetu, na cha jirani zetu ng'ambo ya majabali. Itakwenda kwa wenye shida zaidi. Kila kijiji kilete hesabu yake: kaya ngapi, watu wangapi, mifugo mingapi, maji yako umbali gani. Mwenyekiti akautazama mkutano, akauliza nani ana kalamu. Mimi nilikuwa nayo, nimeichomeka mfukoni. Haikuwa na wino, lakini nani alijua? Basi nikawa mtaalamu.

Siku ya kwanza nilianza kwa Mzee Hango, yule jirani yetu mwenye zizi kubwa na maneno machache.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kalamu hiyo ya nini?"

"Nahesabu. Una ng'ombe wangapi?"

"Wapo."

"Wapo wangapi?"

"Wanaenea zizini."

"Mzee, serikali inataka idadi."

"Serikali ina ng'ombe?"

"Haina."

"Ndiyo maana. Ingekuwa nao isingeuliza."

Unajua kwetu mtu hatamki idadi ya ng'ombe wake. Ni kama kuviita vifo kwa majina. Basi nikaingia zizini mwenyewe nikahesabu pembe. Kumbe nusu ya ng'ombe wale si wake. Wamewekwa kwake na rafiki zake awachunge na kunywa maziwa, na wake mwenyewe wako kwa wakwe zake Iramba. Nilipofika kwa wenyewe, nao wakaniambia kwa fahari: "Andika na wale walioko kwa Hango." Nikaandika. Kuna ng'ombe mmoja mwekundu, pembe moja imevunjika, aliingia kwenye karatasi yangu nyumba tatu: kwa Hango, na kwa ndugu wawili wanaommiliki pamoja. Angekuwa na kadi ya chama angepiga kura mara tatu. Na Hango, mwenye mali kuliko wote, ng'ombe wake halisi hakuingia hata ndama.

Kwa hiyo ukitumwa kuuliza watu wana nini, kubaliana nao kwanza maana ya "kuwa na". Aliyenaye zizini au aliye mwenye mali? Na mzee mwenye wake watatu na majiko matatu ni kaya moja au tatu? Kijitabu kimeliweka hilo mwanzoni kabisa, kabla ya kujumlisha chochote. Nilipolisoma nilijipiga paji la uso hadi mama yako akaniuliza kama ni mbu.

Siku ya pili jua lilikuwa kali, na njia ya kwenda nyumba za mwisho inapita kilabuni. Hilo si kosa langu, ni kosa la aliyeichonga njia. Nikaona wanaume karibu wote wa kijiji wamekaa pale na vibuyu vyao. Nikajiambia, mtu mwenye akili hazunguki kutafuta watu ambao tayari wamekusanyika. Nikaketi, nikaazima wino tena kwa karani wa ghala, nikaanza kuwauliza mmoja mmoja: maji yako umbali gani?

"Karibu," akasema wa kwanza.

"Karibu kiasi gani?"

"Karibu tu. Mbona kila siku yapo nyumbani?"

Mzee Hango naye alikuwapo, na siku hiyo pombe ya mtama ilikuwa imemfungua ulimi. "Karibu sana," akasema. "Mke wangu akienda, sijamaliza kibuyu amerudi."

Kibuyu cha ukubwa gani, sikuuliza.

Nikaandika karibu, karibu, karibu, kuanzia juu ya karatasi hadi chini, mwandiko mzuri, mistari imenyooka. Nyumba za mwisho sikuzifika kamwe; nilizijaza kwa kuzikumbuka. Nilipofikia mstari wa kwangu mwenyewe sikumuuliza mtu. Mtungi wetu nilikuwa naukuta umejaa kila nikitaka kunywa, kwa hiyo jibu nilikuwa nalo tangu sijaondoka nyumbani. Nikaandika karibu. Hapo ndipo penye ubaya wenyewe, Naomi. Mtu huruhusiwa kwenda na kisio lake. Hata kijitabu kinakuambia uende nalo. Lakini kisio ni la kupelekwa likapimwe, kama mgonjwa. Mimi langu nililipeleka likiwa limeshapewa cheti cha uzima.

Kule kwa jirani zetu aliyehesabu alikuwa fundi baiskeli, hajui kusoma vizuri hata jina lake. Huyo alifunga kitambaa kwenye spoku ya gurudumu, akaisukuma baiskeli nyuma ya wanawake hadi kisimani kwao, akihesabu kitambaa kimezunguka mara ngapi. Akapeleka tarakimu. Bwana Maji akaziweka karatasi mbili mezani, akasoma ya fundi, akasoma ya kwangu, akasema, "Hawa wa huku hawana shida." Kumbe kisima chao ndicho kilichokuwa karibu kuliko chetu. Pampu ikaenda kwao.

Basi umejua. Safari zote zile za Bondeni, wewe na kibuyu chako kidogo, kisha galoni, kisha ndoo, na hii ya leo mliyomo, aliyeziandika ni mimi.

Mama yako hajui. Hadi leo anaamini Bwana Maji alipewa jogoo na wale wa ng'ambo. Kila akitua ndoo huwa unamsikia: "Yule Bwana Maji, popote alipo, koo limkauke!" Na huwa unanisikia mimi nikijibu kutoka kwenye kigoda: "Amina, mama Naomi. Watu wa wilaya hao." Na koo hukauka kweli, mwanangu. Langu. Ndipo huwa nachukua fimbo yangu nakwenda kilabuni, nanyi mnasema mzee anapenda pombe.

Unakumbuka mama yako alipojifungua mdogo wako Yohana? Shangazi zako walichelewa kufika, mtungi ukakauka, nikabeba ndoo mimi. Nilijiambia leo nitaipima njia hii kwa miguu yangu. Kwenda, nilihesabu hatua elfu sita na ushei. Kurudi sijui, kwa sababu kila maji yaliponimwagikia shingoni nilisahau nilipofika nikaanza tena moja. Wanawake waliotuzidi mwendo walituangalia. Mmoja akaniamkia kwa adabu zote, kisha akasema: "Baba Naomi, umepotea? Kilabu kiko kule." Wakacheka hadi wakashika ndoo kwa mikono miwili.

Wewe ulikuwa mbele yangu, kibuyu kichwani, hata tone halidondoki. Ulinisikia nikinung'unika tarakimu, ukageuka kiwiliwili kizima ili usimwage, ukasema, "Baba, usihesabu, utachoka. Sisi huwa tunaimba."

Sijawahi kukuambia jinsi neno lile lilivyonipiga. Nilisema nimeingiwa na vumbi machoni. Halikuwapo vumbi; ilikuwa masika.

Nirudi kwenye kijitabu kabla sijaharibu wino. Kuna mahali kinasema huwezi kumuuliza kila mtu katika nchi nzima, kwa hiyo chagua wachache, ila wachache hao wafanane na wengi. Nilipolisoma nilimwona yule mnunuzi wa uwele pale Ilongero na bambo lake, kile chuma cha kuchomea gunia kutoa nafaka. Hulichoma gunia juu, akalichoma katikati, akalichoma chini kabisa, maana anatujua, makapi tunayaweka chini. Angechoma juu peke yake tungekuwa matajiri. Mimi nilichoma bambo juu tu, tena kwenye gunia la walevi. Wanaojua njia ya kisimani hawakuwa kilabuni saa ile. Walikuwa kwenye njia yenyewe, wana ndoo kichwani. Ukifika mahali popote kuuliza, mama, watazame waliopo, kisha uulize nani hayupo na yuko wapi. Huyo asiyekuwapo ndiye anayelijua jibu.

Lingine. Mwalimu wenu wa darasa la tatu aliwahi kuniita akaniambia watoto wa kwetu ni wavivu, wa ng'ambo wanawahi namba asubuhi, wa kwetu wanachelewa, na bakora haziwasaidii. Alikuwa ameweka makundi mawili mbele yake, akaona yametofautiana, akarudi nyuma kutafuta sababu. Kijitabu kinaruhusu kazi hiyo, nayo ni kazi nzuri, kwa kuwa yaliyopita huwezi kuyarudia. Ila yeye alisimama kwenye sababu ya kwanza aliyoikuta, uvivu. Angerudi hatua moja zaidi angeikuta pampu. Angerudi mbili angenikuta mimi. Nilimwitikia "ndiyo mwalimu" nikaondoka. Bakora zile nakuomba msamaha wake. Sijui zilikuwa ngapi, na hesabu hiyo sitaki kuifanya.

Na usije ukadanganywa na mambo yanayotembea pamoja. Miaka ile ya kweleakwelea, Bwana Shamba alikuja kijijini mara kwa mara, na kila alipozidisha safari, ndege nao walizidi mashambani. Mzee Hango akasimama mkutanoni: "Mimi nimechunguza. Huyu kijana ndiye anayewaleta. Akae kwao tuone." Watu wakapiga makofi! Ilibidi mwenyekiti aeleze kwamba Bwana Shamba anakuja kwa sababu ndege wamekuja. Hango akafikiri kidogo, akasema, "Basi na wao wakae kwao." Ukiona viwili vinapanda pamoja na kushuka pamoja, andika kwamba vinapanda pamoja. Usikimbilie kumkamata mmoja umfunge kamba.

Ukitaka kumkamata kwa haki, inabidi ujaribu mwenyewe, na hapo nakuja kwenye mizinga yetu. Hii nayo itakuuma, lakini leo nimeamua kufagia nyumba yote.

Unakumbuka tulibishana kama nyuki huvutwa na nta. Mimi nilisema mzinga uliopakwa nta hupata nyuki upesi. Wewe ukasema ni bahati tu, baba. Tukaweka ahadi mbele ya mama yako na Mzee Hango: mizinga mitano yangu yenye nta, mitano yako bila nta, atakayeshindwa atamfanyia mwenzake jambo moja dogo lolote atakaloombwa. Yangu minne ikaingia nyuki. Wako mmoja. Ukaniheshimu, ukasema, "Umenishinda baba, unanidai."

Yangu niliitundika kwenye miti iliyochanua, upande wa kivuli. Yako niliitundika upande wa mawe makavu, pale ambapo hata mjusi hupita haraka. Wewe ulikuwa shule.

Kwa hiyo mpaka leo hakuna ajuaye duniani kama ni nta au ni mahali. Nilibadilisha vitu viwili kwa mpigo, kisha nikampa sifa mmoja, yule niliyempenda. Haki ilikuwa kila mti ubebe mizinga miwili, mmoja wa nta na mmoja wa bure, na kama miti haitoshi, tuvute vijiti mti upi uwe wa nani, ili mkono wangu mrefu usichague. Ukija likizo tutajaribu upya. Bado nasema ni nta.

Utaniuliza: kwa nini leo, wakati miaka yote umekaa na mfupa wako kimya? Sababu ni mbili. Ya kwanza, mmesema mkishafundishwa mtatawanywa mikoani kuhesabu kaya na maji, na sitaki uende ukijisifia kwa watu kwamba umerithi kwangu. Kalamu unaweza kuirithi. Hesabu ichukue kwa yule fundi baiskeli.

Ya pili ni kisomo cha watu wazima. Mama yako anaendelea vizuri mno. Jana nilimkuta amepiga magoti mbele ya gunia la mbolea anasoma: "Ki-lo ha-m-si-ni." Akanitazama kama simba jike aliyepata swala. Sasa, nakala ya karatasi yangu ya hesabu imo kwenye sanduku la bati, chini ya koti langu la harusi, na neno lililojaa mle lina silabi tatu tu. Kwa mwendo wake nakadiria nimebakiwa na wiki mbili. Naona heri alisikie kwa sauti yako kuliko alisome kwa macho yake mwenyewe, nami niko peke yangu naye ndani ya nyumba.

Nimeinua macho kuangalia majabali. Hamjatokeza. Nimeanza kuandika kivuli cha ghala kikiwa mlangoni, sasa kimevuka ua na kupanda ukuta wa pili. Daftari lako la zamani nililolichana limekwisha, na ndege wamekula uwele wa kutosha ugali wa siku mbili. Mkono umekufa ganzi. Mimi nimekaa, niko kivulini nusu ya muda, sina ndoo kichwani. Nanyi bado mko njiani.

Ukiulizwa huko chuoni kisima cha kwenu kiko wapi, usiseme karibu, usiseme mbali. Toa barua hii uwaambie ni urefu huu, na mwandishi hakupumzika.

Sasa lile deni la mizinga. Najua nililipata kwa wizi. Lakini ulikiri kushindwa mbele ya mashahidi wawili, na Mzee Hango bado yu hai. Kwa hiyo naomba changu, kile kidogo kimoja.

Mkishatua ndoo, mkalishe mama yako chini, umpe maji anywe kwanza, kisha umsomee barua hii yote. Usiruke mstari, hata wa kilabu, hata wa kigoda. Akitaka kujaribu kusoma mwenyewe, mpe lile neno la silabi tatu. Mimi nitakuwa juu kule kwenye mizinga. Akicheka, hata kidogo, hata kwa pua, panda hapa kwenye paa uanike ile kanga yake ya manjano. Nitaiona. Nitashuka nimwombe msamaha nikiwa nimesimama mbele yake, na kesho alfajiri nitalibeba sanduku lako kichwani mpaka kwenye lori pale Ilongero, nikihesabu hatua kwa sauti watu wote wasikie. Asipocheka, acha paa lilivyo, uniletee ugali chini ya mzinga wa tano na mlenda kidogo, tuagane huko huko.

Vichwa viwili vimetokeza majabalini, na mmoja wenu anaimba. Ni ya manjano, mwanangu, usikosee. Ya bluu macho yangu hayaioni kutoka kule juu.

Baba yako,
Njou, mwenye kalamu